Programu inayofanya kazi kwa fundi tu haijawa mali yetu

KATIKA nchi zetu za Afrika Mashariki hakuna neno linalopendwa majukwaani siku hizi kama neno "dijitali". Kodi, vitambulisho, matokeo ya mitihani, mishahara ya walimu, dawa za hospitali, vyote vinaambiwa vihamie kwenye kompyuta. Sipingi. Mimi ni mwalimu na naijua adha ya daftari la alama lililoliwa na mchwa. Ila kuna swali moja ambalo silisikii likiulizwa pale mikataba ya programu hizo inapotiwa saini, nalo ni hili: programu hiyo inategemea nini ili isimame, na vitu hivyo viko wapi siku ambayo fundi hayupo na mtandao umekatika?

Nilianza kujiuliza swali hilo kwa sababu ya kisa kilichotupata shuleni kwetu, kando ya Ziwa Tanganyika, si mbali na Rumonge.

Kijana mmoja niliyewahi kumfundisha, aliyekwenda kusomea kompyuta chuo kikuu Bujumbura, alitutengenezea programu ya kujumlisha alama na kuchapisha ripoti za wanafunzi. Alituonyesha kwenye kompyuta yake ya mkononi, na sote tulifurahi. Muhula ulipokwisha akaja kuiweka kwenye kompyuta yetu moja ya ofisini. Tulikuwa na wanafunzi zaidi ya 400 wakisubiri ripoti.

Programu yenyewe ilikuwa ndogo, ilienea kwenye flashi. Lakini alipoiwasha ikadai vitu vingine vishushwe kutoka intaneti. Tukanunua mega kwa simu yangu, tukaunganisha, zikaisha katikati. Tukanunua nyingine. Hadi jioni vyote vikawa vimeshuka isipokuwa kimoja, ambacho kilikataa kabisa kwa sababu kompyuta yetu ilikuwa ya zamani, ya biti 32. Kijana akahangaika, akakizunguka. Programu ikawaka, kisha ikazima na kutoa ujumbe wa kosa ambao yeye mwenyewe hakuwahi kuuona. Sehemu moja aliyoitegemea ilikuwa imetolewa toleo jipya siku chache kabla, na yeye alikuwa ameandika kazi yake kwa kufuata toleo la zamani.

"Mwalimu, lakini kwangu inafanya kazi," alisema, na alikuwa karibu kulia.

Tulijumlisha alama kwa kalamu kwa muda wa siku tatu, mchana na usiku, na wazazi waliokuja siku ya ripoti tuliwaomba radhi warudi wiki iliyofuata.

Sikumcheka. Nilimwelewa kuliko alivyodhani. Nilizaliwa Ulyankulu, mkoani Tabora, katika makazi ya wakimbizi wa mwaka 1972. Shule ya msingi nilisoma kwa Kiswahili, sekondari kwa Kiingereza, na ualimu nikauanzia huko huko. Tuliporudi Burundi mwaka 2009 nilikuwa mwalimu wa hesabu anayejiamini. Wiki ya kwanza darasani nilisimama mbele ya ubao kama bubu. Hesabu zilikuwa zile zile, lakini lugha ya kuzieleza ilikuwa Kifaransa, vitabu vilikuwa vingine, mtaala ulikuwa umepangwa kwa namna nyingine, na hata nukta niliyoiweka kwenye desimali wanafunzi wangu waliiandika mkato. Cheti changu nacho kilisubiri kutambuliwa. Vitu nilivyokuwa navitegemea kila siku bila kujua kwamba navitegemea vilibaki ng'ambo ya mto Malagarasi. Nilikuwa nafanya kazi vizuri kule nilikotengenezwa.

Ndivyo ilivyo kwa programu za kompyuta. Hakuna fundi anayeandika programu nzima peke yake, kama vile fundi cherehani asivyosokota uzi wala kufuma kitambaa. Anayetaka kuchapisha ripoti huchukua sehemu iliyokwisha kuandikwa na mtu mwingine inayojua kuchapisha. Anayetaka kusoma tarehe huchukua inayojua tarehe. Sehemu hizo mafundi huziita vifurushi, nasi tusivichanganye na vifurushi vya simu. Hukaa katika maghala makubwa kwenye intaneti: npm kwa wanaoandika kwa JavaScript, PyPI kwa wanaotumia Python, Maven Central kwa wanaotumia Java. Vingi hutolewa bure, na vingi huandikwa na watu wanaojitolea.

Kifurushi nacho hutegemea vifurushi vingine, na hivyo hutegemea vingine. Kijana wangu alikuwa ameandika majina ya vifurushi sita tu. Vilivyoshuka kwenye kompyuta ya shule vilizidi 40. Alikuwa amewaalika wageni sita, kila mmoja akaja na jamaa zake.

Kwenye kompyuta ya fundi hali hiyo haionekani. Vifurushi vimekuwa vikijikusanya kwake kidogo kidogo kwa miezi, kimoja leo na kingine wiki ijayo, hadi akasahau kwamba aliviweka. Siku programu inapohamia shuleni, zahanati au wizarani ndipo deni lote linapodaiwa kwa pamoja.

Ulimwengu ulipata somo la kwanza kubwa la jambo hili Machi 22, 2016. Mwandishi wa programu aitwaye Azer Koçulu, aliyekuwa akiishi California, aligombana na ghala la npm juu ya jina la kifurushi chake kimoja ambalo kampuni ya Kik ililidai kuwa lake. Ghala lilipoipa kampuni jina hilo, Koçulu akaondoa vifurushi vyake vyote, zaidi ya 250. Kimojawapo kiliitwa left-pad. Kilikuwa na mistari 11 tu, na kazi yake ilikuwa kuongeza nafasi upande wa kushoto wa maandishi ili yafikie urefu unaotakiwa. Mafundi wa nchi nyingi waliokuwa wakijenga programu zao saa hiyo wakakwama, kwa kuwa vifurushi mashuhuri walivyovitumia vilikuwa vinakitegemea hicho kidogo. Ghala likalazimika kukirudisha siku hiyo hiyo, na baadaye likabadili kanuni zake za kuondoa vifurushi.

Msomaji aangalie jambo moja katika kisa hicho. Programu zilizokuwa zimeshawekwa mahali pake ziliendelea kufanya kazi kama kawaida. Zilizokwama ni zile zilizokuwa zinajengwa au kuwekwa upya. Nasi huku kwetu ndiko tuliko: kila mwaka tunaweka upya, kwa sababu kompyuta imeungua, imeibwa, umeme umeipiga, au ofisi imehamishwa.

Tena njia yetu ya kufika kwenye maghala hayo ni nyembamba. Mei 12, 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika, na intaneti ya Afrika Mashariki ikazorota kwa siku kadhaa. Tanzania iliumia sana. Burundi haina bahari. Sehemu kubwa ya tunachoshusha kutoka ng'ambo hupita kwanza kwa majirani. Ofisi ambayo siku ile ilitaka kufufua mashine yake kwa kushusha vifurushi kutoka Marekani haikuwa na kosa lolote kwenye programu yake, ila haikuwa na akiba ndani.

Dawa ya sehemu hii ya tatizo inajulikana, na haihitaji fedha nyingi. Ya kwanza ni kufunga matoleo. Fundi anapoandika kwamba anahitaji kifurushi fulani "toleo la 4 na kuendelea", anaiachia bahati iamue. Leo atapata 4.1 na mwezi ujao mwingine atapata 4.3. Zana za siku hizi hutengeneza faili la kufunga matoleo, linaloorodhesha kila kifurushi, hata wale jamaa za wageni, kwa namba kamili ya toleo, na mara nyingi pamoja na alama yake ya utambulisho iliyo mfano wa alama ya kidole. Kifurushi kikibadilishwa hata herufi moja, alama haitalingana na kitakataliwa. Kwa wanaotumia npm, amri ya npm ci hufuata faili hilo bila kuchepuka, na isipolingana na maelezo ya mradi husimama na kulalamika, jambo ambalo ni jema.

Ya pili ni kubeba akiba. Anayetumia Python anaweza kushusha vifurushi vyote kwenye folda moja kwa amri ya pip download, akaja navyo kwenye flashi, kisha akaviweka kwa kuiambia pip isiende kabisa kwenye intaneti. Sharti ni kwamba ashushe vya aina ya kompyuta inayokwenda kutumika na toleo la Python lililoko huko, siyo vya kompyuta yake mwenyewe. Wengine hufungasha programu na vifurushi vyake katika kile wanachokiita kontena, kikasafirishwa kizima hadi kwenye seva.

Ya tatu ni kuacha nyumbani visivyosafiri. Fundi hutumia vifurushi vingine kwa ajili ya karakana tu, vya kupima kazi yake na kukagua makosa. Hivyo ni kama jukwaa la mbao la mjenzi: nyumba ikikamilika hubomolewa, haliachwi sebuleni. Vikiachwa, huongeza uzito wa kushusha na huongeza milango ya wezi.

Kijana wangu alirudi muhula uliofuata na flashi moja yenye kila kitu ndani. Hatukununua mega hata moja. Kwa nusu saa programu ilikuwa imewaka, na ripoti zikatoka siku iliyopangwa. Kisa kingeishia hapo kingekuwa kizuri, lakini kuna nusu ya pili ambayo wengi wa wanaonadi suluhisho hili huiruka.

Desemba 2021 lilitangazwa tundu katika Log4j, kifurushi cha Java cha kuandika kumbukumbu za matukio ya programu, kinachotunzwa na watu wa kujitolea chini ya Apache Software Foundation. Mshambuliaji aliweza kuituma mashine sentensi fupi tu, na mashine ikaitii na kushusha amri zake. Ukali wa tundu hilo ulipewa alama 10 kati ya 10. Kifurushi hicho kilikuwa kila mahali, kuanzia mchezo wa Minecraft hadi mifumo ya makampuni makubwa na serikali. Kuziba tundu lenyewe hakukuwa kazi ngumu, kwani toleo lililorekebishwa lilitoka haraka. Ugumu ulikuwa kwamba ofisi nyingi hazikujua kama zinacho, kwa sababu hawakukiomba wao. Kiliingia kama jamaa wa mgeni. Julai 2022 bodi ya serikali ya Marekani iliyochunguza jambo hilo ilisema matundu hayo yatabaki katika mifumo kwa miaka kumi au zaidi.

Kwa hiyo aliyefunga matoleo yake na kusahau alijifungia na nyoka ndani. Basi tufungue milango, tuchukue kila toleo jipya linapotoka? Hapana. Septemba 8, 2025 wezi walimhadaa kwa barua pepe mtunzaji mmoja wa vifurushi vya npm, wakapata ufunguo wake, na wakatoa matoleo mapya yenye sumu ya vifurushi kama chalk na debug, vinavyoshushwa kwa pamoja zaidi ya mara bilioni mbili kwa wiki. Sumu hiyo ilikusudia kuiba fedha za kidijitali kwa kubadilisha anwani za malipo. Iligunduliwa na kuondolewa baada ya saa chache, na aliyekuwa amefunga matoleo ya zamani na kuyafuata hakuguswa. Waliochukua "jipya kabisa" katika saa zile ndio waliokuwa hatarini. Kabla ya hapo, Machi 2024, mhandisi Andres Freund alishangaa kuona seva zake zinachelewa kwa nusu sekunde hivi, akafuatilia, akakuta mlango wa siri umepandikizwa kwenye matoleo mapya ya xz, kifurushi cha kubana mafaili. Mtu aliyejiita Jia Tan alikuwa ametumia zaidi ya miaka miwili kujijengea imani ya mtunzaji wake.

Mwaka 2021 mabaki ya zamani yaliumiza. Mwaka 2024 na 2025 upya ndio ulioleta hatari. Ninavyoona mimi, kanuni inayobaki imesimama baada ya visa vyote hivyo ni moja: matoleo yafungwe, na yafunguliwe kwa uamuzi wa mtu anayejua anachokifungua, siyo kwa bahati ya siku ambayo fundi aliwasha kompyuta. Ghala linahitaji kufuli, na linahitaji mtunza ghala.

Hapo ndipo tulipo hoi. Kijana wangu amepata kazi nje ya nchi, na ninamtakia heri. Sisi tuliorudi ndio wa mwisho kumlaumu anayeondoka. Programu yake bado inatutolea ripoti. Orodha ya vifurushi ipo ndani ya ile flashi, kwenye droo ya mkuu wa shule. Msomaji wa orodha hayupo. Kompyuta yetu haijaunganishwa na intaneti, na iliyomo ni alama za watoto, hivyo hatari si kubwa. Lakini iweke picha hiyo hiyo kwenye ofisi inayolipa mishahara ya mkoa mzima, au hospitali inayotunza siri za wagonjwa, mashine ikiwa mtandaoni usiku na mchana.

Nchi nyingine zimeanza kulitia jambo hili katika sheria. Mei 2021 Rais Joe Biden wa Marekani alitoa amri iliyoagiza wauzaji wa programu kwa serikali watoe orodha ya vitu vilivyomo ndani ya programu zao, kama orodha ya viungo kwenye kopo la chakula. Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria iliyoanza kuwa na nguvu Desemba 2024, na masharti yake makuu, pamoja na la kutunza orodha hiyo, yatawabana watengenezaji kuanzia Desemba 2027. Si kila kitu cha Ulaya kinatufaa, lakini orodha ya viungo haimdhuru mtu.

Kwetu ningependekeza masharti machache yaingie katika kila mkataba wa programu inayolipwa kwa fedha za umma au za wafadhili. Orodha kamili ya vifurushi na matoleo ikabidhiwe pamoja na programu. Nakala ya vifurushi vyote ikae nchini, mahali pawili. Bajeti iwe na fungu la mtunza ghala kwa miaka yote programu itakapotumika, maana wafadhili hupenda kulipia uzinduzi na kukimbia matunzo. Na mtunza ghala huyo ajulikane kwa jina na cheo, awe na wajibu wa kusoma matangazo ya matundu na kuyalinganisha na orodha yake kila wiki.

Wapo watakaosema nchi maskini haiwezi kugharimia hayo. Ni kweli kwamba kila shule haiwezi kuwa na mtunza ghala wake. Lakini vyuo vyetu vikuu vinaweza kuweka ghala moja la pamoja. Kenya wana mtandao wa vyuo uitwao KENET, Uganda wana RENU, Tanzania wana TERNET. Mashirika ya namna hiyo ndiyo yanayofaa kutunza nakala za vifurushi vinavyotumika na ofisi za umma katika ukanda huu, karibu na mtumiaji, ili waya ukikatika baharini tuchote kwa jirani. Mfano wa namna ya kuendesha ghala upo siku nyingi: Debian, mfumo wa kompyuta wa bure, hugandisha maelfu ya vifurushi kwa pamoja kila baada ya miaka miwili hivi, kisha huruhusu marekebisho ya usalama na ya makosa makubwa tu yaingie hadi toleo lingine. Kazi hiyo hufanywa na watu wa kujitolea waliotawanyika duniani. Sisi tutashindwaje kuajiri watano?

Wengine watasema tuandike kila kitu wenyewe ili tusimtegemee mtu. Hilo haliwezekani, na hata Marekani hawajaliweza. Kutegemea si aibu. Mimi nimesomeshwa na nchi ya watu na sitaacha kuishukuru. Mwaka ule wa 2009 sikuhitaji kuikana Ulyankulu ili nifundishe Rumonge. Nilihitaji kujua ni vitu gani vilikuwa vinanibeba, kisha kuvitafuta kimoja kimoja huku. Mwenzangu mmoja aliniazima kitabu chake cha hesabu cha Kifaransa, na ilinichukua muhula mzima. Hatari ni kwa anayetegemea bila kujua anategemea nini.

Kwa wakubwa wanaotia saini nina ombi moja jepesi, lisilohitaji utaalamu wala mshauri kutoka nje. Siku ya makabidhiano, kabla ya hotuba na soda, aletwe kompyuta tupu kama ile itakayotumika mkoani. Waya wa intaneti uchomolewe. Fundi akae pembeni bila kugusa kitu, na karani wa ofisi aiweke programu hiyo kwa maelekezo yaliyoandikwa. Ikisimama, lipeni. Isiposimama, mwambieni fundi arudi nayo nyumbani, ambako inafanya kazi.